Nani Anamdai Msomi? Tahakiki ya Nadharia ya Mkopo katika Elimu ya Juu

Suala la nani alipe gharama za chuo kikuu huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni suala la mhasibu. Husemwa habari za bajeti, asilimia, vigezo na tarehe ya mwisho ya kuomba. Mambo hayo yana umuhimu wake, lakini kada anayeishia hapo atakuwa hajaligusa suala lenyewe. Kila utaratibu wa ada na mikopo umejengwa juu ya jibu la swali moja la siasa: elimu ya juu ni mali ya nani? Na kutokana na jibu la swali hilo hufuata la pili: msomi akisha kuhitimu, nani anamdai, na anamdai nini?

Katika mijadala ya matawi yetu, na katika mijadala ya wanafunzi vyuoni, yanasikika majibu mawili. Jibu la kwanza linasema kwamba anayefaidika na elimu ni yule aliyesoma, kwa hiyo na alipe yeye. Kama hana fedha leo, akopeshwe alipe kesho. Jibu la pili linasema kwamba elimu ni haki, kwa hiyo iwe bure kwa wote, na deni lifutwe. Wenye jibu la kwanza huwaita wenzao waotaji. Wenye jibu la pili huwaita wenzao wafanyabiashara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili, ingawa yanagombana, yana kosa moja la asili. Yote mawili yanamwona msomi na Hazina, lakini hayamwoni mkulima na mfanyakazi ambao jasho lao ndilo lililoijaza Hazina hiyo.

Deni lililokuwapo kabla ya mikopo

Chuo Kikuu chetu kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililoko mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Chama kilichokuwa bado kinaijenga nyumba yake kilikubali kuigawa nyumba hiyo kwa wasomi, kwa sababu kilijua kwamba bendera peke yake haiendeshi mahakama wala hospitali.

Kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, Serikali ilibeba ada, chakula na malazi ya mwanafunzi. Wengi wanaoikumbuka miaka hiyo huiita miaka ya elimu ya bure. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mwaka 1964, akiueleza mpango wa maendeleo wa miaka mitano mbele ya Bunge, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe msaada. Mtu huyo akila asirudi, ni msaliti.

Mfano huo ni mfupi, lakini ndani yake imo nadharia nzima ya uchumi wa elimu. Kwanza, chakula kimetoka kwa wenye njaa. Hakikutoka mbinguni wala kwa mfadhili. Pili, hakikutolewa kama zawadi. Kilitolewa kwa masharti. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa sana, deni lile halilipwi kwa kurudisha chakula kilekile. Linalipwa kwa kurudi na kile ambacho kijiji kilimtuma. Mtu aliyekula akabaki mjini, kisha akawatumia wanakijiji hundi yenye thamani ya chakula, atakuwa amelipa hesabu, lakini kijiji kitakuwa kimekufa njaa.

Nadharia hiyo haikukubaliwa na wasomi wote kwa furaha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti hayo yaliwataka wakae kambini miezi 5, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hatua hiyo ya pili ina somo kubwa kwa viongozi wa leo: anayemdai msomi ajinyime hana budi kuanza kujinyima yeye.

Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, iliamua kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Kwanza afanye kazi, na wenzake kazini pamoja na Chama watoe maoni juu yake. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na mhakiki mkweli hana budi kuzitaja. Ulimpa kiongozi wa ngazi ya chini madaraka makubwa juu ya maisha ya kijana. Ulipunguza idadi ya wasichana, hata baada ya miaka michache wakasamehewa sharti la kufanya kazi kwanza. Na katika miaka yote hiyo nafasi za chuo kikuu zilikuwa chache mno. Lakini juu ya jambo moja hapakuwa na shaka: msomi alijua anadaiwa na nani, na alijua kwamba anadaiwa utumishi.

Mgeuko wa nadharia

Mwaka 1986 nchi yetu, ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, ilitia sahihi mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilitoa chapisho juu ya kugharimia elimu katika nchi zinazoendelea. Chapisho hilo lilishauri kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu watozwe ada na wakopeshwe, kwa hoja kwamba faida kubwa ya elimu ya juu humwendea aliyesoma mwenyewe.

Yaliyofuata yanajulikana. Uchangiaji ulianza katika mwaka wa masomo 1992/93, kwa nauli, ada ya maombi na malipo madogo madogo. Mwaka 1994/95 gharama za chakula na malazi zikawekwa juu ya mwanafunzi, na Serikali ikaanza kumkopesha. Kisha ikaja Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005.

Haitoshi kusema kwamba Serikali ilifanya hivyo kwa sababu haikuwa na fedha. Ni kweli fedha zilikuwa haba, na ni kweli pia kwamba vijana waliokuwa wakibisha hodi vyuoni waliongezeka mwaka hadi mwaka. Lakini uhaba ulikuwapo hata mwaka 1964. Tena ulikuwa mkubwa zaidi. Kilichobadilika ni nadharia. Katika nadharia ya zamani kijiji kilimtuma mtu. Katika nadharia mpya mtu anajitumia mwenyewe. Elimu ni mtaji wake, digrii ni kitega uchumi chake, na nchi ni benki inayomngoja mlangoni. Deni la utumishi kwa umma likageuka kuwa deni la fedha kwa ofisi.

Tahakiki ya jibu la kwanza

Tuichukue hoja ya "alipe anayefaidika" kwa uzito wake. Ni kweli kwamba mhitimu aliyepata kazi nzuri hupata kipato kikubwa kuliko ndugu yake aliyebaki shambani, na ujamaa hauwezi kulifumbia macho jambo hilo. Lakini hoja hiyo haifiki mwisho wake. Daktari aliyeko hospitali ya wilaya Kibondo anapookoa mama na mtoto, aliyefaidika ni nani? Mhandisi anapochimba kisima kinachotoa maji, mwalimu wa hisabati anapowafaulisha vijana 40, faida inaandikwa katika daftari la nani? Na tajiri mwenye kiwanda anayemwajiri mhasibu aliyesomeshwa kwa fedha za umma, je, yeye hafaidiki?

Swali hili la mwajiri ndilo linalofichua sura ya kitabaka ya utaratibu wetu. Kisheria waajiri hulipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi kwa kadiri ya mishahara wanayolipa. Mwaka 2016 tozo hiyo ilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 4.5, na kwa hatua zilizofuata ikafikishwa asilimia 3.5 mwaka 2023. Mwaka huohuo wa 2016, marekebisho ya sheria ya mikopo yaliyapandisha makato ya mhitimu kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tena waliokwisha kutia sahihi kwa kiwango cha asilimia 8 nao walijikuta wakikatwa asilimia 15. Mzigo wa mnunuzi wa nguvukazi ulipungua, na mzigo wa mwuzaji wa nguvukazi uliongezeka karibu mara mbili. Huenda aliyepunguza na aliyeongeza hawakuketi meza moja. Lakini nadharia haihitaji njama. Ukiisha kukubali kwamba anayefaidika ni msomi peke yake, mambo mengine hujipanga yenyewe.

Sasa tuingie katika hesabu. Chukua wanafunzi wawili wa darasa moja. Wa kwanza ni mtoto wa mfanyabiashara. Baba yake analipa ada taslimu, na siku ya mahafali kijana anaondoka na digrii bila deni. Wa pili ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Maswa. Anaondoka na digrii ileile na deni, tuseme, la shilingi 10,000,000. Katika miaka ambayo tozo ya kulinda thamani ya mkopo ilikuwa asilimia 6 kwa mwaka, deni hilo lilizaa shilingi 600,000 kila mwaka. Kijana akipata kazi ya mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 kwa mwezi, makato ya asilimia 8 yalikuwa shilingi 56,000 kwa mwezi, yaani shilingi 672,000 kwa mwaka. Ukitoa tozo, deni lenyewe lilipungua kwa shilingi 72,000 tu katika mwaka mzima wa kwanza! Akichelewa, kulikuwa na adhabu ya asilimia 10. Kwa hiyo mtoto wa maskini aliinunua digrii ileile kwa bei kubwa kuliko mtoto wa tajiri, na tofauti ya bei ilikuwa ni kodi ya umaskini wake.

Haki inatutaka tuseme pia yaliyorekebishwa. Siku ya Mei Mosi 2021, mbele ya wafanyakazi Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo ya asilimia 6, na mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Tukirudi kwenye hesabu yetu, kijana yule akikatwa asilimia 15, yaani shilingi 105,000 kwa mwezi, sasa atalimaliza deni lake katika miezi isiyozidi 96. Bila tozo deni lina mwisho. Kwa tozo lilikuwa kama kuchota maji kwa pakacha. Bajeti ya mikopo nayo ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 570 mwaka 2021/22, na mwaka uliofuata ikafika bilioni 654. Hizo ni hatua za maendeleo, na kada asione haya kuzisema. Ila ajiulize: tozo ile, iliyodumu miaka ile yote bila sisi kupiga kelele, iliwezaje kuingia katika chama chenye Katiba inayotaja Ujamaa na Kujitegemea? Iliingia kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuikubali nadharia iliyoizaa. Na nadharia ile bado haijafutwa.

Tahakiki ya jibu la pili

Wanafunzi wengi, wakiona hayo, hukimbilia jibu la pili: bure kwa wote, bila deni lolote. Wito huo unatoka katika uchungu wa kweli, na haufai kujibiwa kwa kejeli. Lakini uchungu peke yake hautoshi kuwa nadharia.

Jambo la kwanza: hakuna kitu cha bure. Mama muuza mboga wa Mbagala anapokatwa kodi katika kila anachonunua dukani, anachangia chuo kikuu, ingawa huenda hata mmoja wa watoto wake asifike huko. Ukisema chuo kiwe bure kwa wote bila deni, unasema mama huyo amlipie ada mtoto wa mwenye magari ya mizigo 20, na mtoto huyo asidaiwe chochote. Huo si ujamaa. Ni ubepari uliobandikwa jina la ujamaa.

Jambo la pili: fungu la fedha likiwa moja, kumpa asiyehitaji ni kumnyima anayehitaji. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne imekuwa bila ada, na mwaka 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Hayo ni mafanikio makubwa, na kwa sababu hiyohiyo mlango wa chuo kikuu umekuwa na msongamano. Mlangoni hapo wanafika sasa watoto wa nyumba ambazo hazijawahi kutoa msomi hata mmoja. Wao ndio wanaoumia fungu linapotapanywa.

Jambo la tatu: asiyedaiwa kitu hana wa kumrudia. Miaka ile inayosifiwa kuwa ya elimu ya bure haikuwa ya elimu bila deni. Anayeitamani leo aitamani yote: pamoja na kambi, pamoja na kupangiwa kazi wilayani, pamoja na Musoma. Kuchagua chakula cha kijiji na kukataa safari ni kurudi palepale pa Oktoba 1966.

Kupima umaskini kwa karatasi

Tukiisha kukataa makosa yote mawili, tunakutana na swali gumu la vitendo: nani anahitaji, na tutamjuaje? Hapa utaratibu wetu umeegemea karatasi. Mwombaji hujaza fomu kwenye mtandao na kulipa shilingi 30,000 zisizorudishwa. Yatima huleta cheti cha kifo cha mzazi kilichothibitishwa na RITA. Fomu inahitaji sahihi na muhuri wa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na sahihi ya hakimu au wakili. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili huleta barua ya mfadhili huyo.

Kila sharti, likitazamwa peke yake, lina sababu yake. Wadanganyifu wapo, na fedha ni za umma. Lakini yakiunganishwa yanakuwa uzio, na uzio huo una tabia moja ya ajabu: kadiri mtu alivyo maskini, ndivyo anavyokosa karatasi za kuuthibitisha umaskini wake. Mkulima aliyefia nyumbani akazikwa siku ya pili hakuacha cheti. Mwanawe, kabla ya kusaidiwa kwa kuwa yatima, hana budi kusafiri hadi makao makuu ya wilaya, kulipa nauli na ada, na kungoja, ili ofisi ikubali kwamba baba yake amekufa. Mwenzake ambaye mjomba alijinyima akamlipia shule ya binafsi huenda akaonekana anatoka katika nyumba yenye uwezo. Na mtoto wa mwenye fedha, mwenye mtandao nyumbani na wakili katika ukoo, hujaza fomu kwa jioni moja.

Majirani zetu wa Kenya wamejaribu njia nyingine. Mwaka 2023 walianzisha mfumo wa kuwagawa wanafunzi katika madaraja kwa kadiri ya uhitaji, kwa kutumia hesabu ya kompyuta. Malalamiko ya waliowekwa daraja lisilo lao yakawa mengi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo huo ni kinyume cha Katiba, shauri likaendelea katika rufani. Somo lake kwetu ni kwamba mashine haiujui ufukara isiouonyeshwa. Mjuzi wa ufukara ni jirani.

Na hapa ndipo Chama kinapopaswa kujitazama katika kioo. Balozi na mwenyekiti wa kijiji wanaijua kila nyumba: nani analima heka ngapi, nani ana mgonjwa wa miaka, nani ameuza ng'ombe wa mwisho mwanawe amalize kidato cha sita. Lakini utaratibu wa sasa haumwombi kiongozi huyo ushahidi, unamwomba muhuri. Na palipo na muhuri bila ushahidi, muhuri hupata bei. Tulifundishwa kwamba rushwa ni adui wa haki. Kijana anayetoa fedha ya kwanza ya maisha yake ya usomi kununua muhuri wa mtaa amefundishwa kinyume chake, naye hatasahau.

Posho na marejesho

Mambo mawili mengine yanataka kuhakikiwa. La kwanza ni posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu. Mwaka 2023 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Ongezeko hilo ni jema, lakini kiwango kikiachwa palepale kwa miaka huku bei ya mchele na kodi ya chumba zikipanda, ongezeko la jana huwa pungufu la kesho. Na bumu likichelewa, hesabu hulipwa na tumbo. Mwenye wazazi mjini hurudi nyumbani kula. Aliyetoka mbali hukopa kwa riba, huruka mlo, au, kwa msichana, huangukia mikononi mwa wenye fedha wanaojua siku za njaa. Kuchelewa kwa posho si suala dogo la uhasibu. Ni suala la usalama na utu.

La pili ni marejesho ya wasio na mshahara. Marekebisho ya 2016 yalimtaka mhitimu aliyejiajiri alipe kwa mwezi si chini ya shilingi 100,000, au asilimia 10 ya mapato yake yanayotozwa kodi. Tuitazame shilingi 100,000 hiyo. Mwenye mshahara wa shilingi 2,000,000 akikatwa asilimia 15 hutoa shilingi 300,000, na hubakiwa na shilingi 1,700,000 kabla ya makato mengine. Mhitimu anayeendesha bodaboda au genge na kupata shilingi 200,000 kwa mwezi, akidaiwa shilingi 100,000, hutoa nusu ya riziki yake. Kiwango kimoja kwa watu wasio sawa huzidisha kutokuwa sawa kwao. Matokeo yake yanajulikana: hukimbia. Halafu tunamwita mdaiwa sugu, na kumchanganya na yule mwenye kazi nzuri anayejificha kwa makusudi.

Huyu wa pili tusimwonee huruma. Mtu mwenye kipato anayejificha asilipe anaiba kiti cha mtoto ambaye bado yuko kidato cha sita. Fedha anazozikalia si za Bodi; ni za kijiji kinachotaka kumtuma mtu mwingine.

Nini kifanyike

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo yafuatayo yajadiliwe katika vikao:

(a) Utumishi utambuliwe kuwa malipo. Mwalimu, mganga, mkunga, bwana shamba au mhandisi anayefanya kazi katika maeneo yenye upungufu apunguziwe sehemu ya deni kwa kila mwaka anaotumika. Wahitimu wanaojitolea kufundisha katika shule za vijijini, wakati wakingoja ajira, nao wahesabiwe. Aliyekwenda kijijini amelipa tayari. Tusimdai mara mbili.

(b) Makato yapande kwa ngazi. Pawepo na kiwango cha kipato ambacho chini yake hakuna anayekatwa chochote, na juu yake asilimia iongezeke kadiri kipato kinavyoongezeka. Kiwango kimoja cha shilingi kwa waliojiajiri kiondolewe.

(c) Mwajiri achangie kwa haki. Kila inapopendekezwa kupunguza tozo ya waajiri, Bunge lioneshwe upande wa pili wa daftari: nani ataziba pengo hilo.

(d) Ushahidi wa uhitaji utolewe hadharani. Mkutano wa kijiji au mtaa uwathibitishe wahitaji wake, na mkuu wa shule atoe maelezo juu ya mwanafunzi tangu kidato cha kwanza. Karatasi zibaki kuwa msaada wa ushahidi, zisiwe badala yake. Anayetoka katika kaya maskini inayotambuliwa asitozwe ada ya maombi.

(e) Kufutwa kwa tozo na adhabu, pamoja na utaratibu wa kupandisha posho kulingana na bei, viwekwe wazi ndani ya sheria yenyewe, ili haki ya mwanafunzi isitegemee wema wa kiongozi aliyepo.

Wako watakaouliza fedha zitatoka wapi. Swali ni halali. Baadhi ya fedha zitatoka kwa wenye uwezo wanaokopeshwa sasa bila kuhitaji, baadhi kwa wenye vipato vikubwa watakaokatwa zaidi, na baadhi kwa waajiri. Na sehemu ya deni itakayofutwa kwa utumishi haitakuwa hasara. Zahanati yenye mganga ni malipo, ingawa haionekani katika mizania ya Bodi.

Kazi ya kada na kazi ya mwanafunzi

Mwanachama wa TANU aliahidi kujielimisha kadiri awezavyo na kuitumia elimu yake kwa faida ya wote, na CCM ikairithi ahadi hiyo. Ahadi ina sehemu mbili, na utaratibu wowote wa ada na mikopo upimwe kwa zote mbili. Unampa mtoto wa maskini njia ya kujielimisha? Kisha, unamrudisha kwa wote, au unamfukuza kwao kwa mzigo wa deni?

Kazi ya kada ni kuipeleka hoja hii katika tawi, na kuanza na muhuri wa mtaa wake mwenyewe. Ahakikishe kwamba hakuna mtoto wa kijiji chake anayekosa chuo kwa kukosa nauli ya kufuata cheti. Kazi ya mwanafunzi ni kudai haki yake kwa sauti, bila woga, huku akijua kwamba kila siku anayokaa darasani kuna mtu aliyeshika jembe kwa niaba yake. Bodi itamdai fedha, na azilipe kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini hata atakapopewa hati ya kumaliza deni, kijiji kitakuwa bado kinamngoja njiani, kuona amerudi na nini.